Nimetoka Nyarugusu, nina miaka 20, usiku silali na mchana naambiwa niache shule nikafanye kazi. Mliotangulia Marekani nishaurini

Mtoto_wa_Ziwa

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi ni Mkongomani, Mbembe wa Fizi, tumefika hapa Louisville, Kentucky mwezi wa 11 mwaka jana 2024, mimi na mama na wadogo zangu. Kesi ilikuwa ya mama, ilipita kwa upande wa wanawake walio hatarini kwa sababu baba aliuawa kule nyumbani nikiwa mdogo na mimi nilikuwepo, zaidi ya hapo sitaki kuandika. Tulivuka ziwa usiku mpaka Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Tanzania ndiko nilikokulia, nimesoma pale mfumo wa Congo kwa Kifaransa mpaka la tano sekondari, exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, sikufika kuifanya maana majina yetu yalitoka kwenye bodi tukaanza medikali na mambo ya safari.

Sasa shida zangu ziko kama tatu hivi ila zimeshikana mpaka sijui nianze kufungua wapi.

Ya kwanza ni shule. Waliniingiza hai skuli mwezi wa kwanza na kiukweli naipenda, walimu wana moyo, hesabu nafanya vizuri tu shida ni Kiingereza. Ila kwenye karatasi nimeandikwa nimezaliwa 1 Januari 2005, ile tarehe waliyopewa watu kibao kambini ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tarehe 1 mwezi wa kwanza mwakani nafika 21 na nimeambiwa hapa Kentucky haki ya kusoma shule ya serikali inaishia hapo, na diploma siwezi kuwa nimemaliza kabla ya hapo. Wajomba na watu wa kanisani wote wanasema sasa unapoteza muda wa nini, wewe ndiye mwanaume wa nyumba, nenda kiwandani. Mama hasemi kitu lakini namwona anavyopanga bili mezani anazipanga tena. Keswoka wetu, yule mfanyakazi wa shirika aliyekuwa anatusaidia, alisimamishwa kazi mwishoni mwa mwezi wa kwanza pale serikali iliposimamisha pesa za mashirika ya kupokea wakimbizi, tulikuwa hata zile siku 90 za mwanzo hazijaisha, toka hapo kila barua inayokuja nyumbani naisoma mimi na simu ya kutafsiri.

Ya pili ni usingizi. Nilifikiri nikishafika huku yataisha na badala yake ndio yamezidi, Nyarugusu nilikuwa nalala vizuri kuliko hapa. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili watu wanatuma video kwenye magrupu, halafu mwezi huohuo wa pili risasi zikalia Uvira, shangazi yangu akavuka Rusizi kwenda Burundi na watoto, simu yake ikawa haipatikani, mimi nikawa nakaa na simu mpaka asubuhi. Halafu mwezi wa nne hapa kuna kitu wanaita Thunder Over Louisville, hatukuambiwa na mtu, ndege za kivita zinapita juu mchana kutwa na usiku wakaanza kupiga fataki mtoni, madirisha yanatetemeka. Mama alizima taa zote akatuambia tulale chini, mdogo wangu wa mwisho aliyezaliwa kambini ambaye vita hajawahi kuiona na yeye analia kwa sababu sisi tunalia. Toka siku hiyo nikifumba macho moyo unaenda mbio na mwili unalowa jasho.

Ya tatu imekuja barua ya Selective Service inasema lazima nijiandikishe, nilipoisoma na kuelewa ni mambo ya jeshi sikumwonyesha mama. Sisi tumekimbia watu wanaochukua vijana kwa nguvu kuwapeleka msituni halafu huku nako jeshi linanitaka? Sijalala vizuri ndio na barua hiyo tena.

Naomba mliopitia mniambie, niache shule nikafanye kazi au nifanyeje, na hili la usiku huwa linaisha lenyewe au kuna dawa, na hiyo barua niifanyeje. Aksanti.

Mzee_wa_Dallas

Karibu kijana. Nitakuambia kama baba maana nina watoto wa umri wako. Nchi hii haina huruma na kodi ya nyumba, tarehe moja ikifika ni tarehe moja. Mimi nilifika na mke na watoto nikaingia kiwanda cha kuku wiki chache tu baada ya kupata soshol, ile namba ya kufanyia kazi, nimesimama kwenye baridi ile miaka, lakini watoto wangu wote wamesoma na mmoja sasa ni injinia. Shule haikimbii, watu wa miaka 40 hapa wanasoma. Fanya kazi mwaka mmoja miwili, mama apumue, mlipe ile loni ya tiketi za ndege ya IOM, shirika la uhamiaji lililowasafirisha, nunua gari, jenga krediti, ndipo urudi kusoma ukiwa umetulia. Mtoto wa kwanza ni baba wa pili, usione aibu kubeba mzigo huo, ndio heshima yetu.

Kuhusu kulala, omba Mungu na ufanye kazi, ukichoka utalala.

Dada_wa_Wodini

Shikamoo mzee, nakuheshimu sana na jasho lako nimelielewa, ila naomba nipingane na wewe kwa hapa.

Mdogo wangu Mtoto_wa_Ziwa, mimi nimetoka kambi moja na wewe, niko Louisville pia, nilifika nikiwa na miaka 19 sasa hivi ni CNA, msaidizi wa manesi, na nasomea unesi. Nilivyokusoma nimelia kidogo maana ni kama umeandika maisha yangu, hata ile Thunder, mwaka wetu wa kwanza tulijifungia bafuni. Kila mwaka nawaambia watu wanaopokea wageni, wapigieni simu wiki moja kabla muwaambie ni sherehe, na tarehe 4 mwezi wa 7 vilevile. Kwa hiyo nakuambia wewe sasa: tarehe 4 Julai inakuja, watu watapiga fataki mtaani kwako hata siku kadhaa kabla na baada, mwambie mama mapema, fungeni madirisha muweke feni au muziki, na kama kuna rafiki anakaa mbali na mji mwende kwake usiku huo.

Sasa la shule. Usiache kusoma, ila pia usibaki hai skuli kwa kung'ang'ania diploma ambayo tarehe yako ya kuzaliwa haikuruhusu. Njia yako ni GED, cheti kinachohesabika sawa na diploma ya hai skuli. Ni mitihani minne, hesabu, lugha, sayansi na mambo ya jamii, kila mmoja unahitaji alama 145 na huhitaji kufanya yote siku moja, unafanya mmoja unapumzika unajiandaa na mwingine. Wewe uliyesoma mfumo wa Congo mpaka la tano, hesabu za GED utazikuta za kawaida sana, zile ekwesheni ulizopigwa nazo fimbo kwa Kifaransa ni zilezile, kinachobaki ni Kiingereza na historia ya Marekani. Hai skuli baki mpaka mwaka wa shule uishe, tena tumia kila kitu walichonacho hapo, mwalimu wa ESL (Kiingereza cha wageni), maktaba, mshauri, halafu kabla hujatoka muombe mshauri akuunganishe moja kwa moja na shule ya watu wazima ya GED ili usiwe na muda wa kukaa katikati bila chochote. Vijana wengi wa kwetu tunawapotezea hapo katikati, anasema napumzika kidogo nitarudi, harudi.

Ukipata GED unaingia koleji ya jamii, hapa kwetu ni JCTC, na wewe kama mkimbizi unaruhusiwa kujaza fomu ya FAFSA kuomba ruzuku ya serikali ya Pell ambayo hairudishwi. Watu wanadhani mpaka uwe raia au uwe na grini kadi, sio kweli, I-94 yako, ile karatasi ya kuingia nchini kama mkimbizi, inatosha. Na hapa Louisville tuna bahati ambayo miji mingine hawana, UPS wana kituo chao kikubwa cha ndege hapa na kuna programu inaitwa Metropolitan College ipo toka 1998, unafanya kazi ya muda usiku kupanga mizigo halafu ada ya koleji au chuo unalipiwa. Nimewaona Wakongomani waliomaliza digrii bila deni kwa njia hiyo.

Lakini, na hapa ndio nataka unisikilize vizuri, wewe kwa sasa hivi kazi ya usiku usiiguse. Wengi wetu tuliotoka vitani tunapenda shifti ya usiku na tunasema ni kwa sababu ya ile dola ya nyongeza, ukweli usiku ndio tunaouogopa, kwa hiyo tunajipa sababu ya kutolala. Mchana tunalala saa tatu nne za mang'amung'amu na kichwa kinazidi kuharibika taratibu huku kila mtu anakusifu unavyojituma. Mzee hapo juu anasema ukichoka utalala. Mzee wangu, nimefanya kazi na watu waliochoka mpaka wanaanguka kwenye laini na bado usiku macho makavu, hii siyo shida ya uchovu.

Moyo kwenda mbio, jasho, kushtuka, kuona tukio kama linatokea sasa hivi, hiyo ina jina la kitabibu, PTSD, na inatibika. Mwili ulijifunza kukuokoa ukiwa mtoto, ukikaa macho unapona, sasa haujapata habari kwamba hatari imepita, na kila video ya Uvira unayofungua saa nane usiku inauambia bado haijapita. Kuna dawa za kusaidia kwa muda na kuna tiba ya kuongea. Mimi nilifanyiwa moja ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi, imejaribiwa mpaka kambi ya Nakivale kule Uganda. Wanakupa kamba unaitandaza chini, ndio maisha yako toka kuzaliwa, unaweka maua pale palipokuwa na jambo zuri na mawe pale palipokuwa na jambo baya, halafu vikao vinavyofuata mnapita kwenye jiwe mojamoja polepole, unasimulia kila kitu kwa mpangilio, ulisikia nini ulinusa nini, na yeye anaandika, mpaka mwisho unapewa historia yako yote kwenye karatasi. Siku ya kwanza nilitapika. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ila yale mambo yalikaa mahali pake, yakawa ya mwaka ule na mahali pale, hayakuwa tena ya chumbani kwangu. Kilichonishangaza ni maua, sikujua kama nilikuwa nayo mengi vile, kwaya ya zoni yetu, mwalimu wangu wa la sita, siku bibi alipofika kambini akiwa hai.

Nenda kliniki ileile waliyokupima ulipofika, waambie yote bila kupunguza. Ulipofika kuna fomu ya maswali ya mawazo na usingizi walikuuliza na najua ulijibu hapana hapana hapana kwa sababu wote tunajibu hivyo, tunaogopa wataturudisha. Hawakurudishi kwa sababu hulali.

Mkalimani_wa_Simu

Dada amemaliza karibu yote, mimi naongeza upande wangu, nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili na Kibembe hospitali na mahakamani.

Kwanza hiyo barua, toa moyoni leo. Selective Service ni kujiandikisha kwenye orodha tu, kila mwanaume anayeishi Marekani wa miaka 18 mpaka 25 anajiandikisha, mwenye uraia, mwenye grini kadi, mkimbizi, wote. Hakuna mtu aliyechukuliwa jeshini kwa lazima nchi hii toka 1973, wanajeshi wa sasa wote wameomba wenyewe kazi na wanalipwa. Jaza utume, au fanya kwenye intaneti ni dakika chache, halafu tunza uthibitisho kwenye faili la I-94. Usipojiandikisha ndio unaweza kupata shida baadaye ukiomba uraia maana swali hilo lipo. Na mama mwambie, mwonyeshe barua, mweleze. Nimeshakaa na akina mama wa Kikongomani waliokuta barua kama hiyo imefichwa chini ya godoro wakadhani mtoto kashajiunga na jeshi, ilikuwa kilio kikubwa bila sababu.

Pili daktari. Una haki ya mkalimani bure, hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali zinatakiwa kukutafutia, hulipi senti. Omba mambo haya kwa kutaja kabisa: mkalimani wa Kiswahili cha Congo, au Kibembe kama mama yuko huru zaidi na Kibembe, maana kuna Kiswahili cha Mombasa na cha Fizi na mkalimani mwenyewe anaweza akawa mzuri lakini mkapishana. Omba mkalimani wa simu aliyeko jimbo lingine kama hutaki mtu wa kanisani kwenu ajue. Hili watu hawalisemi lakini najua ndilo linalowazuia wengi kufungua mdomo, jamii yetu ndogo, leo umesema kwa daktari kesho unasikia kwenye ibada. Mkalimani anabanwa na sheria ya siri, ila hata hivyo mtu asiyekujua na wewe humjui ni bora zaidi. Na unaweza kusema nataka mwanaume, au mama akasema nataka mwanamke.

Tatu na hili naomba sana, je nani anatafsiri mama akienda hospitali? Kama ni wewe au mdogo wako, acheni. Nimeona mtoto wa miaka 12 anamtafsiria mama yake yaliyompata vitani. Mtoto yule alijua siku hiyo, mbele ya daktari, kwa mdomo wake mwenyewe.

Usiku ukikulemea kabisa mpaka unawaza usiyotakiwa kuwaza, piga 988, ni bure masaa 24, ukisema Swahili wanakuunganisha na mkalimani, subiri usikate.

Bado_Niko_Kambini

Mimi nawasoma nikiwa Nyarugusu, bando ikiisha mtaniwia radhi.

Sisi tulikuwa na safari mwezi wa pili 2025. Medikali tumemaliza, darasa la utamaduni tumemaliza, mama aliuza godoro na sufuria na mbuzi, nyumba tukampa jirani. Tarehe 20 mwezi wa kwanza rais wenu mpya akasaini, wiki moja baadaye mlango ukafungwa, safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Sasa medikali ya watu inaisha muda, tumerudi kwenye nyumba ileile kwa kumuomba jirani, na mgao umepunguzwa mara ngapi sijui. Kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua huruhusiwi.

Siandiki ili Mtoto_wa_Ziwa ujione vibaya. Nimesoma watu wakikuambia kwenye magrupu mengine una bahati nyamaza. Mimi niliyeachwa nakuambia usinyamaze, kwa sababu na sisi huku hatulali, na tulikuwa tunadhani shida ni kambi. Kama hata huko usingizi haupatikani bila kutibiwa basi kumbe tungeanza kutafuta tiba hukuhuku, huduma ya ushauri ipo hospitali ya kambi ila watu wanaita ya vichaa hawaendi.

Nina ombi moja, mdogo wangu wa kiume yupo la sita anajiandaa na exetat, kama una madaftari yako ya hesabu uliyoyapiga picha naomba uyatume. Na usome. Mmoja wetu asome.

Mtoto_wa_Ziwa

Jamani sijui nijibu vipi, nimesoma yote nikiwa kwenye basi nimepitiliza kituo.

Mkalimani, anayetafsiri ni mdogo wangu wa kike anayenifuata, ana miaka 14, kwa sababu mimi nilikuwa shule. Sikujua kama tunaweza kukataa. Mama ana miadi wiki ijayo, nitampigia yule wa mapokezi niseme hivyohivyo ulivyoandika, Kibembe na mwanamke.

Barua nimemwonyesha mama. Alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza mara mbili kama nina uhakika ni kuandika jina tu. Nilimsomea jibu lako. Tumejaza pamoja.

Bado_Niko_Kambini madaftari yapo, yote, nilikuja nayo kwenye ule mfuko mweupe wa IOM badala ya nguo, mama aligomba. Ya algebra na trigonometri ya la nne na la tano nitapiga picha jumamosi nikutumie ujumbe wa pembeni. Kesi yako nimeumia nayo sana kwa sababu ndege yetu na yenu zimepishana miezi michache tu.

Mzee_wa_Dallas shikamoo mzee, nimekusikia na wala sikatai kazi. Swali langu ni la hesabu: nikifanya kazi jioni au wikiendi masaa kama 20 na asubuhi nasoma GED, na mama ameanza kufanya usafi hotelini, inaweza kutosha? Na loni ya IOM wanataka tuanze kulipa, tukichelewa inakuwaje?

Dada, kuhusu kusimulia. Mimi sijawahi kusimulia mtu, hata mama hatujawahi kuongea ile siku, kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Naogopa nikifungua sitaweza kufunga.

Mama_wa_Lexington

Mwanangu, mimi ni mama wa Uvira, mjane kama mama yako, kwa hiyo niache niseme kwa upande wake maana hapa mmeongea vijana na wazee wa kiume tu.

Mama yako akipanga zile bili mezani hapangi ili wewe uache shule. Mimi mwanangu mkubwa aliacha shule bila kuniambia, aliona namna hiyohiyo naangalia karatasi akaamua peke yake kuniokoa, nilijua siku alipoleta hela. Nilimshukuru mbele yake na usiku nikalia, kwa sababu nilivuka ziwa na yule mtoto mgongoni ili asome. Usimkisie mama. Kaa naye mezani uzipange naye hizo karatasi, kodi, umeme, simu, basi, mjue pamoja kinachoingia na kinachotoka. Utakuta masaa yako 20 na kazi yake vinatosha mkibana, bila ovataimu. Mama naye apelekwe darasa la Kiingereza hata mara mbili kwa wiki ili siku moja asome barua zake mwenyewe, maana wewe umegeuzwa macho ya nyumba nzima na hiyo nayo inakuondolea usingizi.

Loni ya IOM haina riba. Isiachwe bila kujibiwa, hapo ndipo krediti inapoharibika. Barua ya malipo ina namba ya shirika linalokusanya, piga na mkalimani uwaambie kipato chenu, omba wapunguze kiasi cha mwezi, huwa wanakubali. Ukilipa kidogo kila mwezi bila kuruka, jina la mama linaanza kujenga krediti nzuri na mkija kutafuta nyumba nyingine mtaona faida yake.

Jambo lingine, mwezi wa 11 mtatimiza mwaka, ni wakati wa kuomba grini kadi, fomu ya I-485, mkimbizi halipi ada ya fomu hiyo. Nendeni kwenye shirika la msaada wa sheria au wakili mwenye leseni, hasa sasa ambapo mambo ya uhamiaji yanageuka kila mara. Usimpe pesa mtu wa mtaani anayesema anajua kujaza fomu. Familia nzima kila mtu na fomu yake, msimsahau na yule mdogo.

Kuhusu ile siku ambayo hakuna anayeitaja. Mimi na wanangu tulikaa hivyo miaka. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake. Ilipofika kuongea, binti yangu alisema kitu ambacho mimi sikukijua, alidhani amesababisha yeye kwa sababu alikohoa. Alikuwa amebeba hilo toka ana miaka sita! Kama ningelijua ningelimwondolea siku ileile. Kwa hiyo usiharakishe kumwambia mama, anza na daktari kwanza, lakini usifikiri kimya chenu kinamlinda.

Mzee_wa_Dallas

Marahaba kijana. Nimesoma maneno ya dada na ya mama. Masaa 20 na shule asubuhi, sawa, nakubali, kama mama yako anafanya kazi inawezekana. Chagua kazi iliyo kwenye njia ya basi usije ukaingia deni la gari mapema. Mimi vilevile nimeshtuka hapo kwenye shifti ya usiku, nimefanya usiku miaka tisa.

Dada_wa_Wodini

Mdogo wangu, hilo la kufungua na kushindwa kufunga kila mtu analiogopa na ndio maana haifanywi kwenye grupu wala kwa mchungaji wala kwa rafiki saa sita usiku, inafanywa na mtu aliyesomea, kwa saa iliyopangwa, na kabla hujatoka chumbani anahakikisha umerudi kwenye siku ya leo, miguu iko chini, unajua uko mji gani. Wiki za mwanzo haendi hata karibu na jiwe kubwa. Na wewe ndiye unayesema leo inatosha.

Kwa sasa hivi kabla hujapata miadi: toka kwenye yale magrupu ya video, sio yote, baki na lile la familia tu, mwambie binamu mmoja akupe habari za shangazi mara moja kwa siku mchana. Simu usiku ilale jikoni. Ukishtuka usiku usibaki kitandani kupambana, inuka, washa taa, kanyaga sakafu, kunywa maji ya baridi, sema kwa sauti tarehe ya leo na jina la mtaa wako. Kahawa na zile enaji drinki baada ya saa sita mchana acha. Na mpira, timu yetu inacheza jumamosi jioni, wengi ni wa Nyarugusu na wa Nakivale, nitakutumia mahali kwenye ujumbe wa pembeni.

Ukipata tarehe ya kliniki niambie, siku hiyo sina zamu nitakupeleka na gari, nitakaa nje.

Mtoto_wa_Ziwa

Dada wamenipa tarehe 10 mwezi ujao saa nne asubuhi, mkalimani wa simu, mwanaume, wa jimbo lingine. Mshauri wa shule naye nimemwona, nimeandikishwa darasa la GED linaanza shule ikifungwa. Madaftari yameshaenda kambini, kurasa chache hazisomeki vizuri nitazipiga tena mchana kukiwa na mwanga.